Yadi 40: namba inayowagombanisha mashabiki

Kaa na mashabiki wa futiboli ya Kimarekani wanapomjadili mpokeaji wa timu ya chuo. Hazipiti dakika tano kabla mmoja hajasema, "Yule ana nne-tatu." Mwenzake anamdaka hapo hapo: "Nne-tatu wapi! Nne-tano hiyo, tena kwa hisani ya upepo." Mgeni akisikia atadhani wanabishania alama za mtihani, na hatakuwa amekosea sana.

Wanachobishania ni yadi 40, yaani mbio fupi ya mita 36.58. "Nne-tatu" ni sekunde 4.3. Mpokeaji ni yule mchezaji anayechomoka kwenda mbele ili adake pasi ya kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu yake, na kwa kuwa kuna beki wa kumkaba, kasi yake ndiyo jambo la kwanza watu kuuliza. Kuhusu kwa nini ziwe 40 na si 50, inasimuliwa kwamba kocha Paul Brown wa Cleveland alitaka kujua mchezaji atatumia muda gani kuufuata mpira uliopigwa teke kwenda mbali, na teke la kawaida lilikuwa likifika umbali huo. Desturi ikabaki.

Mahali ambapo namba hii hupata uzito ni Indianapolis. Kila mwaka, Februari ikielekea mwisho, NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, hukusanya wachezaji zaidi ya 300 wanaotoka vyuoni, wakapimwa urefu, uzito, viganja, afya na mbio. Shughuli hiyo huitwa Kombaini. Siku ya mbio, kijana anasogea mstarini, anainama, mkono mmoja vidole chini, mwingine ameuinua nyuma ya kiuno. Uwanja kimya. Hakuna bastola wala wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Anaondoka anapojisikia. Mtu mwenye saa anambonyezea pale tu anapomwona ametikisika, na kule mwisho mwale wa mashine ndio unaoisimamisha saa.

Hilo la mwanzo ni dogo kwa macho, ila ndilo linaloharibu mabishano mengi. Mwaka 2024 Xavier Worthy wa Chuo Kikuu cha Texas alikimbia kwa sekunde 4.21, akavunja rekodi ya Kombaini ya John Ross, 4.22, iliyokuwapo tangu 2017. Sasa, mwaka 2019 Usain Bolt, aliyekwisha kustaafu, alijaribu umbali huo huo mjini Atlanta kwenye tamasha la wiki ya Super Bowl, fainali ya NFL, amevaa nguo za mazoezi na raba za kawaida, akapata 4.22. Wapo waliohitimisha kwamba Worthy ana mbio kuliko Bolt. Hapana, jamani. Kwenye riadha saa huanza bastola inapolia, na muda wa mkimbiaji kushtuka unahesabiwa ndani. Kwenye yadi 40 saa humsubiri mkimbiaji. Na mtu aliyestaafu, kiatu hakina hata msumari, hawezi kuwa kipimo cha Bolt yule wa 2009, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 100.

Pale ambapo saa ni ya mkononi mwanzo na mwisho, kama inavyotokea kwenye majaribio ya vyuoni, namba hushuka zaidi. Anayepima huchelewa kubonyeza mwanzoni, kisha mwishoni huwa tayari amejiandaa. Riadha inalijua hili siku nyingi: muda wa saa ya mkono katika mita 100 huongezewa sekunde 0.24 ukitaka kuulinganisha na wa mashine. Kwa hiyo mtu akikuambia mpokeaji wa chuo chake ana 4.3, muulize kwanza ilipimwa wapi na kwa saa gani.

Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa mtu aliyekwisha kushika kasi, ni karibu mita moja. Mita moja ndiyo mkono wa beki kuufikia mpira au kuukosa. Basi haishangazi kwamba inabishaniwa. Tena kuna pesa: drafti ya NFL, yaani siku za timu kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, ina raundi saba, timu 32 huchagua kwa zamu, na tangu 2011 mshahara wa mchezaji mpya karibu wote hupangwa na nafasi aliyochaguliwa. Kushuka kutoka raundi ya kwanza hadi ya tatu kunauma mfukoni kwa miaka minne.

Lakini mbio hizo hukimbiwa bila kofia ngumu, bila mpira, bila mtu wa kukuzuia. Mpokeaji uwanjani huanza kwa kubanwa na beki aliyemsimamia puani. Anapaswa kumtoka, achore njia yake, akate ghafla kulia au kushoto bila kupunguza mwendo ovyo, ageuke, audake mpira huku akijua kuna mtu anakuja kumgonga. Kukata huko ndiko wasaka vipaji hukaa wakirudisha video mara kumi. Mwenye 4.6 anayekata vizuri humwacha beki akitazama upande mwingine, mwenye 4.3 anayekata kwa kunyata hupumuliwa kisogoni mchezo mzima.

Mwaka 2009 Oakland Raiders walimchukua Darrius Heyward-Bey, mwenye 4.30, katika nafasi ya saba. Michael Crabtree, ambaye hakukimbia Kombaini kwa sababu ya mguu, akaenda San Francisco katika nafasi ya kumi. Msimu wa kwanza Heyward-Bey alidaka pasi 9. Crabtree alikosa mechi tano za mwanzo akigombea mkataba, na bado akadaka 48. Ross naye, pamoja na ile 4.22 yake, alimaliza msimu wa kwanza bila kudaka hata moja. Upande wa pili yupo Cooper Kupp, 4.62, aliyesubiri hadi nafasi ya 69 mwaka 2017. Msimu wa 2021 aliongoza ligi kwa pasi alizodaka, kwa yadi alizosonga nazo na kwa tachidauni, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Kwangu mimi yadi 40 ni kama kupimwa macho kabla ya leseni ya udereva. Ukishindwa kabisa una tatizo. Ukifaulu, bado hujaendesha gari. Ila nisiwe mbishi kupita kiasi, kwa sababu kuna kasi inayobadili mchezo wenyewe. Bob Hayes alitwaa dhahabu ya mita 100 Olimpiki ya Tokyo 1964, akaingia Dallas Cowboys, na mabeki wakajikuta hawawezi kumkaba mmoja kwa mmoja.

Siku hizi wachezaji huvaa vitambuzi kwenye mabega, hivyo kasi ya mchezoni nayo inapimwa. DK Metcalf alikimbia 4.33 mwaka 2019 akiwa na zaidi ya kilo 100, lakini zoezi la kuzunguka koni lilimwendea vibaya, akaporomoka hadi nafasi ya 64. Oktoba 2020, akiwa na Seattle, kwotabeki wake aliporwa pasi karibu na mstari wa goli, na beki Budda Baker wa Arizona akaanza kukimbia nao mpira kuelekea upande wa pili, uwanja mzima mbele yake ukiwa mtupu. Metcalf alikuwa nyuma mbali. Akaanza kumfuata, kilomita 36 na ushee kwa saa, akamwangusha zikiwa zimebaki yadi chache tu. Arizona hawakupata hata pointi moja kwenye shambulizi lile.