Kabla ya kioo, atriamu ilikuwa tundu la mvua

Niliitwa kuangalia jengo la ofisi la ghorofa tatu hapa Dar es Salaam. Mwenye jengo alikuwa amechoshwa na bili ya umeme wa viyoyozi. Katikati ya jengo kuna uwazi mkubwa unaoanzia mapokezi hadi paani, varanda za kila ghorofa zinauzunguka, na juu kabisa umefunikwa kwa kioo. Kwenye michoro umeandikwa atriamu. Ni pazuri kweli, ukiingia tu unajikuta umeinua macho.

Nikapanda ghorofa ya juu saa saba mchana. Dada wa usafi alikuwa akishuka na ndoo yake. "Kaka, huku tunafagia asubuhi," akaniambia. "Ikifika saa tano hapakaliki."

Huwa natembea na vijiti vya udi kwa kazi hii. Niliwasha kimoja chini, karibu na meza ya mapokezi, kisha nikarudi juu kuangalia. Moshi ulipanda wima, mwembamba kama uzi. Ulipofika chini ya kioo ulisambaa, ukalala kama shuka, halafu taratibu ukaanza kushuka kuelekea milango ya ofisi. Hewa ilikuwa imefanya kazi yake yote ya kupanda, ikafika juu ikakosa mlango.

Nakutana na kosa hili mara nyingi mno. Watu wanaagiza atriamu wakidhani maana yake ni paa la kioo, ilhali sehemu hii ya nyumba ilianza kwa kukosa paa.

Nenda Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Katika nyumba ya mtu mwenye uwezo unaingia kwa njia nyembamba kutoka barabarani, kisha ghafla unatokea kwenye ukumbi mrefu kwenda juu. Paa lake linainamia ndani kutoka pande zote nne, na katikati limeachwa tundu la mstatili. Mvua inamwagika kupitia tundu hilo na kuangukia kwenye birika la kina kifupi sakafuni. Kutoka hapo maji yanateremka kwenye hifadhi iliyochimbwa chini, yenye mdomo wa jiwe wa kutekea. Kuta za upande wa barabara zina madirisha machache na madogo, kwa hiyo mwanga, hewa na maji ya nyumba nzima vilitegemea tundu lile moja.

Vitruvius, msanifu majengo wa Roma wa karne ya 1 KK, aliandika kanuni ninayoipenda sana: upana wa tundu usipungue robo ya upana wa ukumbi, wala usizidi theluthi. Ukumbi ukiwa na upana wa mita 9, tundu liwe kati ya mita 2.25 na mita 3. Hebu pima kwa macho uone lilivyo dogo. Mtu wa kwanza kuzoea atriamu aliona kwamba kipande kidogo cha anga kinatosha, sehemu inayobaki iwe kivuli. Sisi leo tunafungua ukumbi mzima kwa jua la mchana, kisha tunanunua viyoyozi vya kupambana nalo.

Alitaja aina tano za atriamu. Iliyozoeleka ilibebwa na boriti tupu bila nguzo, nyingine ilikuwa na nguzo nne kwenye pembe za tundu, nyingine nguzo nyingi, na nyingine ilifunikwa kabisa. Ya tano ndiyo inayonigusa kikazi. Paa lake liliinamia nje, jambo lililoongeza mwanga vyumbani, lakini Vitruvius alionya kuwa mabomba ya kuteremshia maji hayawezi kupokea mvua kwa kasi inayotakiwa, kwa hiyo maji hufurika na kuharibu mbao na kuta. Fundi yeyote aliyejenga hapa pwani na kupitisha masika moja anayajua maneno hayo bila kuyasoma.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya nyumba hiyo ya Kirumi na nyumba zetu za mawe za Lamu, ambazo nazo zina uwazi wa ndani, yaani kiwanda. Nyumba ya Mroma ilijionyesha. Asubuhi mlango ulifunguliwa, watu waliomtegemea mwenye nyumba wakaja kumwamkia, na jicho la mpita njia liliweza kupenya kutoka mlangoni, kuvuka birika, hadi chumba alichoketi bwana mwenyewe. Lamu ni kinyume. Mgeni anakaa dakani, yaani kwenye baraza la mlangoni, na njia ya kuingilia imepindishwa ili macho yake yasifike kiwandani. Misana, yaani vyumba virefu vyembamba vya ndani, ndiyo inayokitazama kiwanda, na kiwanda ni cha wa ndani. Hata birika la Lamu limejificha chooni, na mafundi wa zamani walipachika bakuli la kauri sakafuni mwake, ili maji yakipungua wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wabaki na pa kuponea. Kila nikiliona bakuli la namna hiyo namkumbuka fundi aliyefikiria mpaka shida ya samaki.

Kioo kilikuja baadaye sana, na kilikuja kwa sababu ya baridi. Charles Barry alipochora jengo la Reform Club la London, lililofunguliwa 1841, aliiga majumba ya Italia yenye ua wazi katikati. Lakini ua wazi katika mvua na baridi ya London haukaliki, ndipo akaufunika kwa kioo. Kwa pale alikuwa sahihi kabisa. Jua la London mwezi Desemba hata saa sita mchana liko chini, kama nyuzi 15 tu juu ya upeo, na Juni halifiki utosini. Joto lolote linaloingia ni neema.

Dar es Salaam jua linasimama utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na siku nyingine haliendi mbali. Kioo kilicholala bapa kinalipokea lote. Mwanga unapita, unagonga sakafu na kuta, unageuka joto, na joto hilo kioo hakiliachii kirahisi. Kule Barry alijenga blanketi, na sisi tumelichukua kama lilivyo tukajifunika mchana wa jua kali.

Mwaka 1967 John Portman alifungua hoteli ya Hyatt Regency huko Atlanta, Marekani, ikiwa na atriamu ya ghorofa 22 na lifti za kioo zinazopanda mbele ya macho ya watu. Tangu hapo hoteli za dunia nzima zikataka ya kwao, na mashine za kupoza hewa zikabeba mzigo.

Zanzibar tulikuwa na mfano wetu. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 na Sultani Barghash, ilikuwa na ua wa ndani uliofunikwa na kuzungukwa na varanda, lakini nje nako varanda pana za nguzo za chuma zilizuia jua lisiguse kuta. Kivuli kilianzia nje. Sehemu kubwa ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na bado naumia nikipita Forodhani.

Wateja wengi wananitajia Eastgate ya Harare, jengo la ofisi na maduka lililosanifiwa na Mick Pearce na kukamilika 1996. Ni kazi ninayoiheshimu: hewa ya usiku inavutwa kupoza zege, na zege linapoza ofisi mchana. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi. Usiku wa Dar wa Februari hauna cha kukupa.

Kwa lile jengo letu tulifanya mambo matatu. Kioo tukakiinua sentimita 60 na kuzungushia luva, yaani vibao vilivyoinamishwa vinavyopitisha hewa, pande zote nne. Chini, karibu na mapokezi, tukafungua matundu ya kuingizia hewa upande wa kivuli. Halafu tukaweka fito za alumini juu ya kioo, kwa nje. Mwenye jengo alitaka pazia la ndani kwa sababu ni rahisi, nikamweleza kwamba jua likishagonga pazia, joto limeshaingia nyumbani.

Niliwasha udi tena. Moshi ulipanda, ukayumba kidogo ghorofa ya pili, ukatokea kwenye luva za upande wa bahari.

Masika yalipoanza, gata mpya, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua, ya kuzunguka kioo ilizidiwa siku ya tatu, maji yakateremka ukutani hadi ghorofa ya pili. Tumeongeza bomba la pili la kuteremshia, la inchi 6, na ukuta unasubiri kukauka ndipo upakwe rangi.