Je, wajua kwa nini ndondo huanza saa kumi jioni?

Jumamosi moja ya Oktoba mtoto wa kaka yangu, ana miaka 9, aliniganda tangu tulipomaliza kula. "Baba mdogo, twende mpirani." Nikamwambia bado, mpira saa kumi. Saa nane akarudi. Saa tisa akarudi tena, safari hii viatu viko mkononi. Nilipomwambia asubiri kidogo tu, akauliza swali ambalo mimi niliyekulia kandokando ya viwanja vya vumbi vya Temeke sikuwahi kujiuliza: "Kwani kwa nini kila siku saa kumi?"

Nilimjibu "jua kali", tukaondoka. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa pungufu mno, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta lililobaki.

Ndondo, kwa asiyeishi Dar es Salaam, ni mpira wa mtaani unaochezwa kwa kikombe, kwa mbuzi, au kwa heshima ya mtaa tu. Watu walikuwa wakiucheza kwa miaka mingi kabla ya mashindano ya Ndondo Cup kuanza mwaka 2014 na kulifanya neno lenyewe lijulikane nchi nzima. Timu inaweza kuwa ya kijiwe cha bodaboda, ya soko au ya mtaa mzima. Kiwanja ni mchanga, mistari ni chokaa au majivu, na uzio ni kamba iliyofungwa kwenye miti. Taa hakuna. Hilo la taa ndilo linaloanza kufungua fumbo.

Saa zetu sisi Waswahili tunazihesabu tangu macheo. Saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha. Kwa hiyo anayesema "tukutane saa kumi" anakwambia kwamba saa kumi za mchana zimeshatumika na zimebaki mbili. Sasa upime mpira: kipindi cha kwanza dakika 45, mapumziko 15, kipindi cha pili 45. Jumla ni dakika 105, yaani saa moja na dakika 45. Mechi nzima inakaa ndani ya saa mbili za mwisho za mchana na kubakiza upenyo mdogo wa dakika za majeruhi na matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Ukianza saa kumi na moja, miezi mingi giza litakukuta kipindi cha pili.

Hesabu hiyo inafanya kazi mwaka mzima kwa sababu ya mahali tulipo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, na jua lake huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, iwe Januari au Juni. London ni habari nyingine. Mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa 3:20 usiku, na katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, saa ambayo kwetu refa ndiyo kwanza anapuliza filimbi. Mtaa wa huko usio na taa hauwezi kuwa na saa moja ya mpira kwa mwaka mzima. Wetu unaweza, ndiyo maana ratiba ya ndondo haihitaji kutangazwa saa. Ukiambiwa siku na kiwanja, umeshajua.

Ukaribu huo na Ikweta una gharama yake. Jua letu hushuka karibu wima, halitambai pembeni kama la nchi za kaskazini. Likishapotea nyuma ya mapaa, una kama dakika 20 za mwanga wa kuona mpira vizuri, basi. Kwa hiyo kwenye mtoano wa ndondo hutasikia habari za dakika 30 za nyongeza. Dakika 90 zikiisha kwa sare, ni matuta moja kwa moja. Niliwahi kusimama nyuma ya goli kwenye fainali iliyochelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi alikwama kwenye foleni. Matuta yalifika wakati kipa haoni mguu wa mpigaji. Vijana wa bodaboda walizipanga pikipiki zao pembeni mwa kiwanja na kuwasha taa, na vumbi lililokuwa hewani likageuka ukuta mweupe. Mpigaji wa tano alikimbilia mpira kivuli chake kikiwa kirefu kuliko goli. Hatukuuona mpira ukiingia. Tulisikia wavu tu.

Kumbe hata sheria za mpira zinalijua tatizo hili. Sheria ya 7, inayohusu muda wa mchezo, inaruhusu vipindi kupunguzwa iwapo refa na timu zote mbili watakubaliana kabla ya mechi kuanza na kanuni za mashindano zikiruhusu. Matoleo ya zamani ya sheria hiyo yalitoa na mfano kabisa: kupunguza kila kipindi kiwe dakika 40 kwa sababu ya mwanga hafifu. Kwa hiyo ukimsikia refa wa mtaani akiwaambia manahodha "leo arobaini arobaini" kwa sababu timu moja imechelewa, usidhani anabuni sheria zake. Tatizo linakuja pale timu iliyo nyuma kwa goli moja inapokumbuka, mwisho wa mechi, kwamba makubaliano hayo haikuyasikia.

Hapo tumejibu kwa nini si baada ya saa kumi. Kwa nini si kabla?

Jua, ndiyo. Nyasi hujipoza kwa sababu majani hutoa unyevu. Mchanga mkavu hauna cha kutoa, unabeba joto lote na kulirudisha nyayoni. Saa nane ukivua ndala katikati ya kiwanja utajua. Kwa Dar jasho nalo halikauki vizuri kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu, na mwili usiokausha jasho haupoi. Alasiri mambo hubadilika kidogo: nchi kavu ikishapata moto kuliko bahari, hewa juu yake hupanda na upepo wa bahari huingia kuijaza. Mtu wa Tandika au Mbagala hahitaji kuiona bahari ili apate faida hiyo. Anaisikia shatini.

Lakini jua peke yake halitoshi kuwa jibu, na ushahidi uko wazi. Siku za mashindano yenye timu nyingi huwa kuna mechi mbili, na ile ya kwanza huchezwa saa nane. Vijana wanakimbia kwenye jua lilelile tunalosema halichezeki. Kinachokosekana saa nane ni watu. Pembeni wapo watoto, makocha na ndugu wa wachezaji. Ngoma haijafika na muuza mihogo ndiyo kwanza anawasha jiko. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote: saa kumi ndiyo saa ambayo mtaa mzima unaweza kukusanyika.

Tazama siku yenyewe ya Jumamosi. Fundi gereji, muuza duka la vipuri, kinyozi, dada wa saluni, wote wana kazi nusu siku au zaidi. Wakifunga, wanaoga na kula. Adhana ya alasiri kwa Dar husikika karibu saa tisa na nusu, ikisogea mbele na nyuma kidogo kwa msimu, na magharibi huadhiniwa jua likizama. Katikati ya swala hizo mbili kuna nafasi pana ambayo haimnyimi mtu ibada yake, na mpira umekaa humo humo. Pwani yote utaukuta hivyo, Tanga, Unguja, Mombasa. Mwezi wa Ramadhani nafasi ileile huwa ni ya mtu mwenye kiu anayesubiri futari, ndiyo maana viwanja vingi hutulia au, palipo na taa, mpira huhamia usiku baada ya tarawehe.

Basi saa kumi ikifika, wanakuja. Kina mama wanabeba viti vya plastiki kutoka nyumbani. Wazee wanakaa upande wenye kivuli cha mwembe na hakuna kijana anayethubutu kuwahi nafasi zao. Mihogo inakaangwa, inapasuliwa, inanyunyiziwa chumvi na pilipili na kufungwa kwenye gazeti. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake, kashata ziko kwenye kopo. Mtu uliyesoma naye darasa la tatu anakushika bega, na mnaanza kuulizana habari za watu: nani kaoa, nani kahamia Chanika, mama wa fulani anaendeleaje. Timu pinzani ikiingia, maneno yanageukia mamluki, yaani wachezaji waliokodiwa kutoka nje ya mtaa. "Yule namba kumi nimemwona ligi kuu!" Mara nyingi ni kweli. Nina marafiki ambao kwa mwaka mzima tunaonana mpirani tu, na simjui hata mmoja wao anapokaa siku hizi.

Kuna faida nyingine ya saa kumi inayojulikana na manahodha wajanja. Viwanja vikubwa hulazwa kaskazini hadi kusini ili jua la jioni lisimpige kipa usoni. Cha mtaani hulazwa pale nafasi ilipopatikana. Cha kwetu kimelala mashariki hadi magharibi. Nahodha mzoefu akishinda shilingi huchagua kushambulia goli la magharibi kipindi cha kwanza. Kipa wake, aliye mashariki, anaelekea jua, lakini bado liko juu ya minazi. Kipindi cha pili wanabadilishana, jua limeshuka usawa wa mabati, na sasa ni kipa wa wapinzani anayeweka kiganja juu ya nyusi. Nimeona mipira ya juu isiyo na madhara yoyote ikigeuka magoli kwa hilo.

Si kila mahali saa kumi ina uzito uleule. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, na jua la mwisho wa reli huzama takriban dakika 40 baada ya la Dar. Mtu wa Kigoma anaweza kuanza saa kumi na nusu, akacheza dakika zote 90, akapiga matuta, na bado akaenda kunawa ziwani akiona njia. Nairobi, kwenye viwanja vya mtaa wa Ziwani, kuna mashindano makongwe ya mtaani yanayoitwa Koth Biro. Maneno hayo ni ya Kijaluo, maana yake "mvua inakuja". Huko wanaoangalia juu hawaangalii jua tu.

Maveterani nao wana saa yao. Jumapili kabla ya joto kupanda, kuanzia kama saa moja asubuhi, utawakuta wazee wa vitambi wakicheza bonanza na kulaumiana kwa sauti kama wako fainali. Wao dirisha lao ni la asubuhi kwa sababu jioni wana familia, harusi na vikao. Mechi ikiisha wanaingia kwenye supu ya utumbo na chapati, na hapo ndipo bonanza hasa linapoanza.

Kuna kitu kimoja kinachoisumbua saa kumi yetu, nacho kinatoka mbali. Mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza kwa jadi huanza saa tisa alasiri ya kwao. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliwataka wenye viwanda vya nguo wasimamishe kazi ya wanawake na vijana Jumamosi saa nane mchana, na taratibu wafanyakazi wakapata alasiri ya kwenda mpirani. Wao saa yao ilitoka kiwandani, yetu imetoka juani. Saa tisa hiyo ya Uingereza inapofika kwetu, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, ni saa 12 kamili jioni. Ndondo imeisha, watu wanakung'uta vumbi na kuelekea banda umiza, kibanda cha kutazamia mpira kwenye televisheni. Lakini wakati wa kiangazi cha kwao, wanapokuwa wamesogeza saa mbele, mechi hizo huanza kwetu saa 11 jioni, katikati kabisa ya mpira wetu. Uingereza kwenyewe hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni saa hiyo, makusudi, ili watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo. Sisi huku tunaonyeshwa, na timu ndogo inayoumia ni ya mtaa wetu.

Jumamosi ile ya Oktoba ilikuwa hivyo. Mapumziko yalipofika, saa 11 kasoro kidogo, upande mzima wa kamba ulianza kupungua. Vijana waliinuka makundi makundi kuelekea bandani, jezi nyekundu na za bluu zikipita katikati ya viti vya kina mama. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, muhogo mkononi, akiwatazama.

"Baba mdogo, wanaenda wapi? Mpira si bado?"

"Bado."

Akasogeza ndoo yake mbele hadi kwenye kamba, kwenye nafasi waliyoiacha.

Tulitoka sare ya moja moja. Penalti ya nne ya kwetu ilipopigwa, adhana ya magharibi ilikuwa imeanza, na yeye alikuwa amesimama juu ya ile ndoo, kanishika kichwa kwa mikono miwili ili asianguke.