Hadithi za Waswahili hazikungoja wamisionari ili ziandikwe

Wazazi na walimu wengi hapa Dar es Salaam huwaambia watoto kwamba hadithi za Waafrika zilikuwa za mdomo tu mpaka wamisionari wa Ulaya walipoleta maandishi katika karne ya 19. Kwa Waswahili, dai hilo si kweli. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Mfalme Herekali wa Rumi ya Mashariki, uliandikwa kwa hati za Kiarabu huko Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, mwaka 1728, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahifadhi miswada ya hati hizo, hazina ambayo kila mwanafunzi anastahili kuonyeshwa.

Masimulizi na maandishi yalikwenda pamoja. Kisa cha shujaa Fumo Liyongo kilisimuliwa na kuimbwa vizazi vingi kabla ya Muhamadi Kijuma wa Lamu kukiandika katika utenzi mwaka 1913. Humo Liyongo amefungwa gerezani, na mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanakula mikate mizuri na kuudharau huo, hivyo unamfikia mwanawe gerezani, naye anakata pingu huku ngoma ikifunika mlio wa chuma.

Ngano za Sungura na Fisi, kwa kweli, zilienea zaidi kwa mdomo.