Chupa imeandikwa "yasmini halisi": muuzaji aulizwe nini?

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zimepamba moto, mama mmoja akanijia kwenye meza yetu ya elimu kwa umma na kichupa kilichofungwa ndani ya leso. "Mwanangu, nambie kweli. Hii asumini au si asumini?" Kichupa kimeandikwa yasmini halisi, asilia kwa asilimia 100, hakina spiriti. Alikinunua shilingi elfu tano. Nikakinusa, na wallahi kilinukia asumini ya jioni hasa, ile inayokukuta mlangoni kabla hujapiga hodi. Nikamwambia: "Mama, pua yangu haiwezi kukujibu. Bei inaweza."

Asumini haikubali moto. Ukiiweka kwenye mtambo wa mvuke kama majani ya mchaichai, harufu yake huharibika. Viwandani maua huchumwa alfajiri, yakaloweshwa kwenye kiyeyushi, mara nyingi heksani, kisha nta ikatolewa kwa spiriti mpaka yakabaki mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Kilo moja ya mafuta hayo hula mamia ya kilo za maua. Waridi ndiyo zaidi, tani tatu mpaka nne za maua kwa kilo moja ya mafuta. Hapo bado hujalipa wachumaji, nauli wala chupa. Basi elfu tano inanunua nini? Inanunua harufu ya asumini iliyoundwa maabara, ikazimuliwa kwenye mafuta yasiyo na harufu. Si sumu kwa sababu hiyo tu. Ila si kile kilichoandikwa.

Pua haitambui harufu ilitoka wapi, inatambua umbo la molekuli. Karafuu yetu ni ushahidi mzuri. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kati ya asilimia 70 na 90. Vanilini, yaani harufu ya vanila, ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1874, na baadaye kwa miongo mingi viwanda viliitengeneza kutokana na eujenoli ya karafuu. Watu wa Ulaya walikula keki ya vanila ambayo asili yake ni mkarafuu, na vanilini ile haina tofauti ya umbo na iliyomo ndani ya ganda la vanila. Kwa hiyo mtu akikwambia "nanusa tu najua", mpe heshima yake, lakini usimpe pesa zako.

Kuna dhana nyingine imeota mizizi hapa kwetu, kwamba manukato yasiyo na spiriti ni ya asili. Wengi tunayapenda mafuta mazuri ya kupaka kwa sababu za dini, na hilo halina ubishi. Lakini kutokuwa na spiriti kunakueleza kilichotumika kuzimulia, hakukuelezi harufu imetoka wapi. Chupa nyingi ndogo zenye kijiti, zinazoitwa miski mweupe, ambari na kadhalika, ni harufu za maabara ndani ya glikoli au mafuta ya madini. Miski ya asili hutoka kwenye tezi ya paa wa milima ya Asia, mnyama ambaye biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Miski ya kwanza ya maabara iligunduliwa na Albert Baur mwaka 1888, naye alikuwa anatafuta baruti! Ya dukani leo ni ndugu wa hiyo, na kwa kweli paa anashukuru.

Mimi mwenyewe huchagua manukato ya mimea, lakini si kwa sababu inayoandikwa kwenye chupa. Huyachagua kwa kuwa naweza kuyafuata mpaka shambani. Manukato ya kiwandani hujificha nyuma ya neno moja, "Parfum", na ndani ya neno hilo mna viambato makumi, hata mamia, ambavyo muuzaji halazimiki kuvitaja vyote. Harufu moja ya maua iliyoitwa Lilial ilitiwa kwenye sabuni, losheni na manukato kwa miaka mingi, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022 kwa kushukiwa kudhuru uzazi. Mtumiaji aliyenunua mwaka mmoja kabla hakuwa na njia ya kujua, asipokuwa msomaji wa maandishi madogo.

Na hapa petu kufuata mpaka shambani si jambo la kusadikika. Nenda Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa. Harufu itakupokea barabarani. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo zamani wengi waliona ni taka za kuwashia moto. Hupakiwa ndani ya pipa kubwa, mvuke ukapitishwa chini, mafuta yakapanda na mvuke, yakapoozwa, yakajitenga na maji. Hakuna kiyeyushi. Kiwanda hichohicho hukamua mchaichai, majani ya mdalasini na mkaratusi. Mwenye chupa ya namna hiyo anaweza kukwambia mmea gani, sehemu gani ya mmea, na umekamuliwaje. Hayo ndiyo maswali matatu ninayotaka muuzaji aulizwe, awe Darajani au kwenye shamba la viungo la watalii kule Kizimbani. Akijibu "ni asili tu, bibi", rudisha mkono kwenye mkoba.

Mafuta ya karafuu unaweza kuyajaribu nyumbani. Jaza maji kwenye gilasi, tona tone moja. Likielea usihukumu haraka, maana maji yana utando wake. Lisukume kwa ncha ya kijiti. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yatazama. Yakirudi juu, yametiwa mafuta ya kupikia au ya nazi. Tone jingine litie kwenye karatasi nyeupe uliache mpaka kesho yake. Likiacha doa pana linalong'ara kama karatasi ya bajia, jibu ni lilelile. Jaribio hili lina mpaka wake. Dietili ftalati, kiyeyushi cha kawaida cha manukato, nayo huzama. Kwa hiyo litakuonesha udanganyifu wa kijinga. Wa kitaalamu unataka mashine.

Neno "kilimo hai" nalo tulitenge na "asilia". Asilia ni kuwa harufu imetoka kwenye mmea. Kilimo hai ni namna mmea ulivyolimwa, bila dawa wala mbolea za viwandani, na mtu wa nje amekwenda kukagua. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkarafuu wa babu ambao haujawahi kuona dawa huenda ni safi kuliko wenye cheti, lakini bila ukaguzi muuzaji hana haki ya kuuandika hivyo kwenye chupa. Na asumini iliyokamuliwa kwa heksani haiitwi ya kilimo hai hata kama shamba lake lilikuwa safi namna gani.

Sasa upande ambao wauza manukato ya asili hawaupendi. Ngozi haijali kama kinachoiwasha kimetoka shambani. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliorodhesha viambato 26 vya harufu vinavyosababisha mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye chupa, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa kupita 80. Vingi vimo ndani ya mimea tunayoifahamu: eujenoli ya karafuu, sitrali ya mchaichai, linaloli ya mrihani. Usipake mafuta ya karafuu matupu mwilini. Matone mawili kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi yanatosha, na kwanza paka kidogo kwenye mkunjo wa mkono ungoje siku mbili. Ndimu kila mtu anaijua: ukamue mkononi, ukatoke juani, kesho una mabaka meusi. Mafuta ya ganda la ndimu yaliyokamuliwa bila moto hufanya vilevile, basi yasiwe kwenye manukato ya mchana.

Mtoto asifikie kichupa cha mafuta ya karafuu kabisa. Mililita 5 mpaka 10, kijiko kimoja au viwili vya chai, zimewahi kuwatia watoto wa miaka miwili kwenye hali mahututi, ini likashindwa kazi. Akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Udi ni uzito wa aina nyingine. Udi wa kweli ni utomvu wa mti wa Aquilaria wa Asia, mti ulioumia ukaingiwa na kuvu, na jenasi nzima iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2005. Vipande vyeusi vya bei poa mara nyingi ni mti wa kawaida uliolowekwa kwenye mafuta ya maabara. Lakini hata ukipata ule wa ghali, ukaupika mwenyewe kwa sukari na marashi, moshi ni moshi, na mkaa wa kwenye chetezo hutoa gesi isiyonusika. Fukiza nguo kwenye tenga, fungua dirisha, kisha wewe na mtoto mwenye pumu mkae chumba kingine mpaka moshi uishe. Kufukiza chumba cha mzazi aliyejifungua juzi huku milango imefungwa, hilo nawaomba bibi zangu tulijadili upya.

Kama unataka harufu isiyohitaji cheti wala maabara, ipo. Kikuba, kile kishada cha maua mabichi. Asumini, mrihani, mkadi, na kilua likipatikana, ua ambalo wataalamu wa mimea walilichukulia jina kwetu wakaliita Mkilua fragrans. Kikuba kimetungwa leo jioni, kesho kimenyauka. Hapo huna haja ya kumuuliza mtu swali, unaona kila kilichomo.

Yule mama alitaka mafuta ya kumpaka bwana harusi mjukuu wake. Nilimwambia kichupa chake kinafaa kutiwa kwenye kanzu, si shingoni, na achume asumini mbichi azitie kwenye mafuta ya nazi yaliyochujwa, abadilishe maua kila siku kwa siku tano au sita, achuje, aweke kwenye chupa nyeusi. Ikianza kunuka uchachu, amwage. Na ukipata vipele kwa manukato yoyote, ya shambani au ya maabara, acha kuyatumia, usitupe chupa, ipeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.