Mwanangu Anajua Kuogelea, Jaketi la Nini?

Mimi huwaongoza vijana kwenye safari za mitumbwi, na mwezi huu swali hilo nimelisikia mara nne. Makanisa yetu ya ibada za Kiswahili hapa Minnesota yanapojiandaa kupeleka vijana Boundary Waters, eneo la maziwa mpakani na Kanada, kupiga kafi, huitishwa kikao cha wazazi, na hakikosi mtu wa kunyanyua mkono: mwanangu anajua kuogelea, hilo jaketi okozi la nini? Mara ya mwisho alikuwa baba mmoja aliyekulia Kigoma. Alisema yeye amevua dagaa Tanganyika tangu utotoni na hajawahi kufungwa boya kifuani.

Namwamini. Lakini, mzee wangu, Tanganyika ni nyuzi 25 hivi za Selsiasi karibu mwaka mzima. Maziwa ya huku mpakani na Kanada yanaganda majira yote ya baridi, na barafu yake huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wiki chache baadaye jua linawaka, vijana wamebaki na fulana, kila mtu anadhani ni kiangazi. Hewa ndiyo iliyopata joto. Maji bado.

Ukitumbukia kwenye maji ya namna hiyo, kitu cha kwanza si kuganda. Unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama wakati huo kichwa kiko chini, umevuta maji. Dakika moja nzima unahema ovyo, ufundi wako wote wa kuogelea haukufai kitu. Ukiivuka hiyo, una kama dakika 10 za mikono na miguu kufanya kazi, maana mwili unaondoa damu pembeni ili kulinda moyo. Kupoteza fahamu kwa baridi yenyewe huchukua karibu saa nzima. Watu husema "alikufa kwa baridi", wakati mara nyingi marehemu alizama mapema kabisa, kabla baridi haijafika ndani.

Tena anayejua kuogelea ndiye ninayemhofia zaidi. Asiyejua ataung'ang'ania mtumbwi, na mtumbwi uliopinduka huwa unaelea. Anayejua anauacha, kwa sababu ufuko unaonekana uko hapo tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana wa miaka 17, muogeleaji hodari shuleni kwake. Jaketi alikuwa amelikalia kama mto. Akasimama kupiga picha, mtumbwi ukapinduka. Mwenzake, ambaye hajui hata kuelea, alikuwa amevaa lake. Akashika mtumbwi akatulia. Huyu bingwa akaanza safari ya ufukoni. Nusu ya njia mikono ikagoma. Tulimfikia tukamvuta kwa fulana. Jioni, akiwa ndani ya mfuko wa kulalia na kikombe cha uji, aliniambia: "Mikono ilikuwa yangu, lakini haikunisikia."

Sheria ya Minnesota nayo inanichongea. Inataka kila abiria awe na jaketi mtumbwini, ila wanaolazimishwa kulivaa ni watoto walio chini ya miaka 10. Wazazi wanaisoma wanafurahi. Kwangu mimi, jaketi lililo chini ya kiti ni mzigo. Halivaliki ukiwa unahema majini. Jaribuni bwawani muone.

Halafu kuna lile linalonikosesha usingizi: "Tumeshaomba." Hata mimi naomba, kila asubuhi kabla ya kusukuma mitumbwi. Ila someni Matendo 27 hadi mwisho. Paulo aliahidiwa kwamba hakuna atakayepotea, meli tu. Ilipovunjika, wanaojua kuogelea waliamriwa wajitose kwanza, na waliobaki wakashika mbao. Wote wakafika nchi kavu, na wengine walifika juu ya ubao. Sasa mimi nikileta ubao wa kisasa wenye zipu na mikanda, naambiwa sina imani.

Ninavyofanya: kabla ya kuondoka, kundi zima linaingia majini pale gatini na majaketi yamefungwa, wachungaji nao. Namshika kila mmoja mabegani mwa jaketi na kulivuta juu. Likifika masikioni, ni kubwa au limelegea. Na jinzi zote zinarudi kwenye gari. Ikilowa haikauki, na sibishani juu ya hilo.

Mengine kwa haraka. Maji kung'aa hakuyafanyi kuwa salama kunywa. Vijidudu vya jiadia, vinavyoleta kuhara, havionekani, chemsheni. Dubu weusi hawawafuati ninyi, wanafuata chakula, na dawa ya meno kwao ni chakula pia. Kila chenye harufu kikae kwenye chombo kisichofunguka kwa dubu, au kitundikwe futi 12 juu na futi 6 kutoka kwenye shina. Kwenye ramani, njia za kubebea mitumbwi kutoka ziwa hadi ziwa zimepimwa kwa rodi, nazo si hatua. Rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe, kwa hiyo rodi 160 ni nusu maili, na mizigo ikihitaji zamu mbili, mtaitembea mara tatu.

La mwisho ni idadi. Kundi moja, yaani kibali kimoja, halizidi watu 9 na mitumbwi 4, na makundi mawili hayaruhusiwi kuungana, iwe majini, njiani au kambini. Mzee mmoja wa kanisa mwenye vijana 24 alinijibu kwamba wao ni mwili mmoja katika Kristo. Askari wa msitu huhesabu vichwa. Vijana 24 pamoja na watu wazima wao ni vibali vinne, kila kimoja na kiongozi wake, na uwekaji nafasi hufunguliwa mwishoni mwa Januari. Mkinipigia Juni kuulizia wikendi ya Julai, nitawapokea simu, nitawasalimia, na nitawauliza kuhusu mwaka ujao.