Mrushaji wa kasi: kwa nini anakimbia kutoka mbali?

Jumamosi moja asubuhi, kwenye mazoezi ya kriketi hapa Arusha, mama mmoja aliyemleta mwanawe alinisogelea akaniuliza: "Kocha, mbona anakimbia kutoka kule kwenye miti, wakati mpira wenyewe anauachia hapa?" Nilifurahi sana. Ukilijibu swali hilo sawasawa, umeshaeleza mrushaji wa kasi ni nani.

Katika kriketi timu moja hupiga na nyingine hurusha. Mrushaji, wengine humwita boula, huupeleka mpira kwa mpigaji aliyesimama mbele ya vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Akiviangusha vijiti, au mpigaji akiupiga mpira ukadakwa hewani, mpigaji ametoka, na mrushaji anahesabiwa amechukua wiketi moja. Kila mipira sita ni ova, kisha mwenzake anarusha kutoka upande wa pili. Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12. Wapo warushaji wanaouzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono, ukaenda polepole na kukata kona ukigusa ardhi. Mrushaji wa kasi silaha yake ni mwendo. Wale wakali hufikisha kilomita 140 kwa saa na kuzidi, na mpira wa mwendo huo humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Shoaib Akhtar wa Pakistan alipimwa kilomita 161.3 kwa saa kwenye Kombe la Dunia la 2003, jijini Cape Town.

Watu wengi wanakwama kwenye neno "kutupa". Kriketi hairuhusu kutupa. Anayepopoa maembe hukunja kiwiko, halafu anakinyoosha ghafla, na nguvu yote inatoka hapo. Mrushaji wa kriketi akifanya hivyo amevunja sheria: kiwiko hakiruhusiwi kunyooka zaidi ya digrii 15 wakati mkono unazunguka kuuachia mpira. Basi kama kiwiko kimefungwa, kasi itoke wapi?

Inatoka kwenye mbio, na zaidi kwenye kusimama. Fikiria daladala inayoshuka kwa kasi, dereva akakanyaga breki. Gari linasimama, lakini abiria wote wanarushwa mbele. Mguu wa mbele wa mrushaji ndiyo breki. Anakuja mbio, anaruka, anakita mguu ukiwa umenyooka, na kila kilicho juu ya nyonga kinapigwa mbele: kiuno, kifua, bega, mkono, mwisho mpira. Ndiyo maana kijana mwembamba anaweza kumshinda kwa kasi jitu la miraba minne. Mguu wake haukunjiki unapokita.

Mfano ninaoupenda ni Makhaya Ntini wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Mdingi, Rasi ya Mashariki, na utotoni alichunga ng'ombe, jambo ambalo mtoto wa Monduli au Longido hahitaji kuelezwa. Alikuwa na umri wa miaka 15 hivi, hana hata viatu vya michezo, alipoonwa na ofisa wa mpango wa kukuza kriketi, na baadaye akapata nafasi ya kusoma Dale College. Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya nchi yake. Alicheza mechi 101 za Test, zile za siku tano, akachukua wiketi 390. Mwaka 2005 kule Port of Spain alichukua wiketi 13 katika mechi moja dhidi ya West Indies.

Kwa miaka mingi alisifiwa kwa pumzi, maana alikuwa akitoka hotelini mbio hadi uwanjani wenzake wakiwa ndani ya basi. Mwaka 2020 akaeleza sababu. Alikuwa mpweke. Akikaa viti vya nyuma, wenzake walihamia mbele, kwa hiyo akaona heri akimbie. Nilipolisikia hilo sikuweza tena kutazama mbio zake kwa macho yale ya zamani. Maisha ya mrushaji yana mambo ambayo hayaandikwi kwenye ubao wa matokeo.

Wenyeji wa Moshi wana sababu yao ya kumjua. Septemba 2014, akiwa ameshastaafu, alipanda Kilimanjaro pamoja na wanakriketi wengine, wake kwa waume, wakacheza mechi ndani ya kreta, zaidi ya mita 5,700 juu ya bahari. Wingu lilishuka likaikatisha. Ukiwa mjini ukautazama mlima asubuhi, kumbuka kwamba kule juu kuna mtu aliwahi kukimbia na mpira mkononi, mahali ambapo wengine hata kutembea kunawashinda.

Sasa turudi kwenye ile breki, kwa sababu ina gharama. Mguu wa mbele unapokita, mwili hupokea mshindo unaofikia mara tano ya uzito wake au zaidi, na wakati huohuo mgongo unapinda na kujizungusha. Mara moja si neno. Mara 120 kwa siku, kwa miezi, mfupa wa kiuno huanza kupata ufa mdogo, mara nyingi upande usio wa mkono wa kurushia. Dennis Lillee wa Australia aliumia hivyo mwaka 1973, akakaa nje muda mrefu akijenga mwili upya, akarudi na kumaliza na wiketi 355. Jasprit Bumrah wa India alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2023, naye akarudi akiwa hatari vilevile. Walio hatarini zaidi ni vijana ambao mifupa yao haijakomaa. Kule Uingereza mtoto wa chini ya miaka 13 alipangiwa ova tano mfululizo, na zisizidi kumi kwa siku. Huku kwetu mtoto mwenye kasi hurushishwa mpaka jua lizame kwa sababu timu inataka kushinda, na jambo hilo linaniuma.

Yupo pia anayeumia upande wa pili. Mpira unaodundishwa katikati ya pichi, ule ukanda ulio kati ya wiketi na wiketi, ukapanda kuelekea kichwani huitwa baunsa. Ni halali, na ni sehemu ya mchezo, lakini Phillip Hughes wa Australia alifariki mwaka 2014 baada ya kupigwa shingoni. Kofia ya chuma na plastiki si pambo. Kinyume cha baunsa ni yoka, mpira unaotua miguuni pa mpigaji, na huo ndio ninaowafundisha watoto kwanza.

Miaka ikisogea kasi hupungua, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mpira una mshono katikati. Upande mmoja ukisuguliwa kwenye suruali ukang'aa na mwingine ukaachwa uchakae, hewa hupita tofauti kila upande, na mpira unapinda ukiwa angani. James Anderson wa Uingereza aliishi kwa ufundi huo. Alianza Test mwaka 2003 akastaafu Julai 2024 akiwa na miaka 41 na wiketi 704, nyingi kuliko mrushaji yeyote wa kasi. Hapa Arusha, tukiwa takriban mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mpira hupinda kidogo zaidi kwao kuliko kwetu. Kijana wetu akienda pwani kucheza hushangaa mpira umemponyoka kwenda pembeni. Si kwamba amesahau kurusha.

Yule mama alisikiliza yote, kisha akamtazama mwanawe. Ana miaka 12, mguu wake wa mbele unanyooka vizuri mno, na alikuwa amekuja kuniomba arushe ova moja nyingine. Alikuwa ameshamaliza tano. Nikamwambia avae sweta lake, akasimame kule kwenye miti, adake mipira.