Sabufa ya ndani ya laptopu si ile ya sebuleni

Kuna imani ya siku nyingi kwamba laptopu iliyoandikwa "subwoofer", au yenye nembo ya kampuni ya spika juu ya kibodi, inatoa besi ya kweli. Haitoi, na si kwa ubahili wa mtengenezaji.

Besi ni hewa inayosukumwa. Ili sauti ibaki na nguvu ileile, kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanapopungua kwa nusu, kiwambo cha spika lazima kisogee mara 4 zaidi. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema takribani mara 41 kwa sekunde. Ndani ya boksi jembamba la laptopu, nafasi ya kusogea kiasi hicho haipo. Kupandisha besi kwenye programu hakuongezi nafasi. Mara nyingi spika huanza tu kukwaruza.

Mbona basi besi tunaisikia? Ubongo ndio unaoijazia. Ukisikia sauti za juu zinazoambatana na noti nzito, unaikamilisha noti yenyewe, na programu nyingi za sauti hutumia ujanja huo. Sikiliza ngoma ya singeli: mlio wa kijiti unaupata vizuri, lakini kifua hakitikisiki.

Zipo zilizojitahidi. MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019 ilifunga spika za besi zikipeana mgongo ili mitetemo ifutane, na inasikika vizuri kweli. Hata hivyo, hedifoni za bei ya kawaida zinaweza kuishinda kwa besi, kwa kuwa zinasukuma hewa kidogo tu iliyo mlangoni mwa sikio.